Leo Nalima Kwangu

  Msikilizaji wangu, mazungumzo ya leo yatakaa sana Dodoma. Kama uko jikoni, endelea na shughuli zako, mradi sauti inakufikia.

Leo tuzungumze juu ya hela. Hela anayopewa mtu wa kijijini mkononi mwake, bila kuuza kitu na bila kukopa. Zile ambazo vijijini watu wanaziita kwa kifupi "hela za TASAF", yaani za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa siku ya malipo katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Watu wameketi chini ya mbuyu, karibu na ofisi ya kijiji, wengi wao akina mama, kila mmoja na kitambulisho chake amekiviringisha kwenye mfuko wa nailoni kisiloe jasho. Jina linaitwa. Anayeitwa anasogea mezani, anaonyesha kitambulisho, anabonyeza kidole gumba kwenye wino, anaweka alama, anahesabiwa noti zake.

Nikamfuata kwa macho mama mmoja. Alizihesabu tena mwenyewe, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la khanga. Akapiga fundo. Juu ya fundo hilo akapiga la pili. Nikadhani anakwenda mnadani, maana siku hiyo mnada ulikuwa umechangamka. Hakwenda. Alinyoosha moja kwa moja hadi dukani, na dukani hakununua kitu. Alisema, "Nitolee daftari."

Msikilizaji, unalijua daftari hilo. Kila duka la kijijini linalo. Mwenye duka akafungua ukurasa wake: unga kilo mbili, chumvi, sukari robo, mafuta ya kupima, unga tena. Mama akafungua mafundo yake mawili, akalipa. Mwenye duka akachukua kalamu, akachora mstari juu ya jina. Mama hakuondoka. Aliinama juu ya kaunta akautazama ule mstari mpaka akahakikisha umefika mwisho wa jina. Ndipo akanunua: kipande cha sabuni na kalamu mbili za mtoto wa shule.

Kwa nini nimekusimulia haya? Kwa sababu yeyote aliyesimama pale angesema hela za yule mama zimeisha na hajafanya nazo lolote. Hajanunua mbuzi, hajanunua bati, hajaanzisha biashara. Mimi nasema siku ile alinunua kitu kikubwa sana. Amenunua jina lake kutoka kwenye daftari. Januari ikifika na ghala likawa tupu, anaweza kurudi dukani pale akakopa unga. Na akiweza kukopa unga, ana uwezo wa kukataa.

Kukataa nini? Hilo ndilo hasa ninalotaka tulizungumze leo. Uwezo wa kukataa.

Sasa nisikilize vizuri. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu. Hatuna vuli na masika kama ndugu zetu wa pwani. Zinaanza mwezi wa Desemba, zinakatika Aprili, na ukichelewa kupanda umechelewa kwa mwaka mzima. Hizo hizo Januari na Februari ndizo siku ambazo kilindo cha nafaka kimebaki vumbi, chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado ni majani. Ndiyo miezi ya kuhemea. Mtu anatoka na gunia tupu begani, anakwenda kijiji cha pili au cha tatu kutafuta cha kupika.

Basi mvua ikinyesha usiku, kesho yake alfajiri kila mwenye shamba anataka kulima. Mwenye nacho anatafuta vibarua. Asiye na chakula anatafuta kibarua. Wanakutana. Mama wa watoto watano anachukua jembe lake, anakwenda kulima shamba la mwenzake kwa kilo chache za unga. Watoto wanakula jioni ile. Kesho tena. Keshokutwa tena. Shamba la mwenye nacho linapandwa kwa wakati wake, kwa mikono ya huyu mama. La kwake linapandwa wiki tatu baadaye, magugu yametangulia, na mvua haikumsubiri. Mwezi wa Juni anavuna debe pale ambapo angevuna gunia. Debe haliwezi kufika Januari. Januari anarudi kwenye kibarua.

Umeliona duara hilo? Halafu anakuja mtu aliyeshiba anasema maskini ni wavivu! Huyu mama amelima kuliko wengi pale kijijini. Ila amelima kwingine.

Na si kibarua peke yake. Kuna anayekuja mwezi wa Machi, anautazama uwele ungali shambani, anatoa hela kidogo, na mazao yanakuwa yake kabla hayajavunwa. Kuna anayesubiri siku ya mavuno aje na gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, akijua kwamba mwenye njaa habishani na kipimo. Yote haya yanawezekana kwa sababu moja: anayeuza hawezi kukataa. Leo hana, kesho hana, na anayenunua anajua hivyo.

Sasa tuzitazame hela zenyewe. TASAF ilianza mwaka 2000, na miaka ile ya mwanzo watu waliijua zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Kumpa mtu fedha taslimu kulijaribiwa kwanza mwaka 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na hiyo hiyo Chamwino. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete akaizindua awamu ya tatu, na ndani yake ukawamo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kwa miaka michache tu ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Februari 2020 Rais John Magufuli akazindua kipindi cha pili cha mpango huo. Kijiji kilikaa mkutano, wananchi wenyewe wakataja kaya zenye hali ngumu, kisha wakaja wa kujaza dodoso na kuhakiki. Malipo yalipangwa kutoka kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi aliyeandikishwa kupokea alikuwa mwanamke wa kaya.

Kiasi gani? Katika miaka ya mwanzo ya mpango huo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na juu yake nyongeza kwa kaya zenye watoto, watoto wenyewe wahudhurie kliniki na shule. Najua msikilizaji wa mjini anasema moyoni, "Elfu kumi?" Ndiyo, elfu kumi. Kwako ni nauli na chai. Lakini rudi kwenye ile asubuhi ya Januari. Mama yule hahitaji milioni ili abaki shambani kwake. Anahitaji unga wa siku zile chache ambazo udongo umelowa. Kwa kujua hivyo ndipo utaelewa kwa nini hela ndogo inafanya kazi kubwa.

Yale majaribio ya mwanzo yalifuatiliwa na watafiti. Walichukua vijiji 80, nusu vikachaguliwa kwa bahati nasibu vianze kupokea, nusu vikasubiri. Sitaki kukujazia tarakimu masikioni. Nitakutajia tu waliyoyakuta. Watoto wadogo waliugua mara chache zaidi. Familia zilikata kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani walilipia matibabu kabla ya kuugua. Watoto walivaa viatu. Na kuku wakaongezeka.

Viatu, msikilizaji. Anayezijua mbigili za Dodoma anajua kiatu cha mtoto ni nini. Mtoto aliyechomwa mguu ukaota usaha haendi shule, na akienda anatembea kwa kisigino kimoja. Kiatu kinampeleka darasani kuliko hotuba.

Na kuku! Nataka tukae kidogo hapa kwenye kuku. Mtetea mmoja anataga, anaatamia, anaangua vifaranga kumi. Mwewe akichukua watatu, kideri kisipopita, wanabaki saba. Mtoto akipata homa usiku, asubuhi kuku mmoja anauzwa na matibabu yanapatikana. Hakuna haja ya kuuza debe la mbegu. Hakuna haja ya kupeleka jembe kwa mwenye nacho. Kuku akiwepo bandani, familia inaweza kuugua bila kufilisika. Mimi nimewasikia akina mama wakisema, "Ninao wangu bandani," kwa sauti ile ile ambayo mtumishi wa mjini anasema ana akiba benki. Na ndivyo ilivyo, ni akiba, tena inazaa.

Sasa lipo swali ambalo lazima nilijibu, maana nalisikia kila ninapozungumzia jambo hili. "Je, hawatazinywa?" Wapo wanaoamini kwamba ukimpa maskini hela anakwenda moja kwa moja kwenye wanzuki.

Swali hili limechunguzwa sana. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakatafuta jibu la jambo hilo hilo. Walichokuta ni kwamba kwa ujumla matumizi ya pombe na tumbaku hayapandi watu wanapopewa fedha, na mahali pengine yanashuka. Walevi wapo, sikatai. Wapo miongoni mwa wanaopewa na wapo miongoni mwa wanaolipwa mishahara. Lakini mfanyakazi anapopokea mshahara wake hakuna anayesimama mlangoni kumwuliza ataufanyia nini. Huyu wa kijijini anaulizwa kabla hata hajapokea. Swali hilo linaniuma, nasema wazi, kwa sababu linamwangalia mama aliyepiga mafundo mawili kwenye khanga kana kwamba ni mwizi wa hela zake mwenyewe.

Tuvuke mpaka kidogo, twende kwa jirani zetu Kenya, kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Huko kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika liitwalo GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 fedha nyingi zaidi kuliko hizi zetu, karibu dola 1,000 kila kaya, tena kwa simu, kwa M-Pesa, na bila sharti lolote. Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na wenzake wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata.

Walikuta nini? Kwanza, hela haikukaa mahali pamoja. Aliyepewa aliezeka bati, fundi akapata kazi. Fundi akanunua nguo, mshonaji akapata kazi. Mshonaji akanunua samaki. Kwa hesabu yao, kila dola moja iliyoingia ilizaa shughuli za karibu dola mbili na nusu katika eneo lile. Hata jirani ambaye hakupewa kitu hali yake ilinyanyuka. Na bei za sokoni, ambazo watu waliogopa zitaruka, hazikuruka.

Jambo la pili limenigusa zaidi. Mwaka 2025 watafiti hao walitoa matokeo mengine kutoka vijiji hivyo hivyo: vifo vya watoto ambao hawajatimiza mwaka vilipungua karibu nusu katika kaya zilizopokea. Karibu nusu! Iliwezekanaje? Akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitali, maana nauli na gharama walikuwa nazo. Na tena, msikilizaji, sikia hili: akina mama walipunguza sana kazi za sulubu katika miezi ya mwisho ya ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Mama mwenye mimba ya miezi minane aliweza kubaki nyumbani. Unaona tumerudi wapi? Tumerudi pale pale. Uwezo wa kukataa. Yule mama aliikataa kazi ambayo mwili wake ulikuwa unaikataa siku zote, ila tumbo la njaa lilikuwa haliruhusu.

Lakini niwe mkweli. Faida hiyo ilionekana zaidi kwa wale walioishi karibu na hospitali yenye daktari. Hela haijengi wodi. Ukimpa mama nauli na huko anakokwenda hakuna mkunga, umempa safari tu. Wanaosema tugawe fedha halafu serikali ipumzike kujenga zahanati, mimi siko pamoja nao.

Na si kila mtu alizipokea. Huko Homa Bay, jirani na Siaya, wako watu wengi waliozikataa kabisa, wakasema hela za bure namna hii lazima zina mkono wa shetani. Usiwacheke. Mtu aliyeishi miaka 50 bila kupewa kitu bure na mtu mwenye uwezo, akiona chambo anatafuta ndoana.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naliona linasahaulika na wanaopanga mipango hii, wa hapa kwetu na wa kwingine. Ni siku. Siku ya malipo.

Yule mwenye duka alimkopesha mama unga kwa nini? Kwa huruma? Labda kidogo. Alimkopesha kwa sababu alijua siku. Alijua mwezi fulani hela zitatoka, na mama atakuja kusema nitolee daftari. Mkopo wote ule umesimama juu ya tarehe. Vivyo hivyo kikundi cha kuweka na kukopa. Akina mama wanakaa duara, kila mmoja anatoa hisa yake, sanduku lina kufuli na funguo zinashikwa na watu mbalimbali. Kikundi hicho nacho kimesimama juu ya tarehe.

Sasa malipo yachelewe. Mwezi wa kwanza mwenye duka anavumilia. Mwezi wa pili anasema, "Mama, daftari limejaa." Mwezi wa tatu mama hapiti tena mbele ya duka lile, anazunguka nyuma kwa aibu. Mvua inanyesha usiku, na alfajiri anachukua jembe anakwenda kwa mwenye nacho. Hata hela zikija Aprili, tena zote kwa mkupuo, haziwezi kumrudishia ile Januari. Zimekuja kamili kwa hesabu ya ofisini. Kwa hesabu ya shambani zimekuja pungufu.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: kama ungeniuliza leo kipi kianze, kuongeza kiasi au kulipa kwa siku inayojulikana bila kukosa, ningesema siku kwanza. Na kwa nchi ya mvua moja kama Dodoma, siku hiyo iwe kabla ya mvua.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni jina. Kaya maskini. Jina linatajwa mkutanoni, mbele ya mashemeji na wakwe. Wapo wazee wanaoinamisha kichwa. Wapo pia majirani waliobaki nje ya orodha kwa tofauti ndogo sana, tembe lao linavuja kama la mwenzao, na hawaelewi kwa nini yule yumo na wao hawamo. Ugomvi wa namna hiyo nimeukuta, na unaingia hadi msibani. Zanzibar walichukua njia nyingine kwa wazee. Mwaka 2016 walianzisha Pensheni Jamii, wakaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa, na anayestahili ni kila mzee aliyetimiza miaka 70. Hakuna anayeulizwa ana mbuzi wangapi. Mzee wa Makunduchi au wa Wete anakwenda kuchukua chake kwa sababu amezeeka, basi. Mimi napenda sana jambo hilo, na laiti lingevuka bahari likaja huku.

Muda wangu unakaribia kwisha. Kabla sijakuaga, nikurudishe Chamwino mara moja.

Nilirudi kijiji kile mwezi wa Januari. Usiku mvua ilikuwa imenyesha vizuri, asubuhi kila mahali panatoa mvuke. Yule mama wa mafundo mawili nilimkuta shambani kwake, khanga amejifunga kibwebwe. Yeye anachimba mashimo kwa jembe, nyuma yake binti yake wa darasa la nne anadondosha mbegu za uwele na kufukia kwa unyayo. Akaja kijana mmoja kwa baiskeli, akasimama kando ya njia. "Shikamoo mama. Mzee ameniambia nikuite, leo kuna palizi, mtapewa unga."

Mama alijiinua, akashika kiuno. "Marahaba, mwanangu. Mwambie asante. Leo nalima kwangu."

Kijana akageuza baiskeli. Binti alikuwa amesimama na kiganja cha mbegu, akisubiri shimo linalofuata.